Mranaha Kando ya Miraa

Saa nane mchana mji wa Maua, Meru, hauna habari nyingine ila miraa. Iliyochumwa asubuhi kwenye miteremko ya Nyambene imeshafungwa vitita na kuviringishwa majani ya mgomba isije ikanyauka, na magari ya kwenda Nairobi yananguruma barabarani. Haraka hiyo inatokana na kemia. Kathinoni, kemikali inayompa mtafunaji ule msisimko uitwao handas, huanza kuvunjika mara tu tawi likikatwa, na baada ya siku mbili hivi nguvu nyingi imekwisha.

Kuhusu mmea huo watu wamebishana hadi mahakamani. Uingereza iliupiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Somalia ilizuia miraa ya Kenya mnamo Machi 2020 na kuiruhusu tena Julai 2022. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliufungia njia muguka, aina ya miraa ya Embu, wakulima wa Mbeere wakapaza sauti, na kesi ikafunguliwa. Sipuuzi mabishano hayo. Zipo nyumba zilizosomesha watoto kwa miraa, na zipo zilizosambaratika kwa ajili yake.

Lakini mmea unaoweza kweli kumtoa mtu akilini haumo katika mabishano hayo. Hakuna anayeupanda wala anayeutoza ushuru. Unaota wenyewe kwenye jaa, kando ya barabara, palipolala ng'ombe jana na juzi, popote udongo ulipochimbuliwa na kurutubishwa kisha ukaachwa. Kwa Kiswahili ni mranaha, wengine husema mnanaha. Wataalamu wa mimea huuita Datura stramonium. Asili yake ni Amerika, na leo umeenea karibu dunia nzima, Kenya ikiwemo.

Ukiutazama kwa karibu, hutausahau. Shina ni nene na laini, la kijani au zambarau, na hugawanyika mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka kichaka kinafika kiunoni au kifuani. Majani ni mapana, kingo zake zimekatikakatika bila mpango. Ukilivunja moja linatoa harufu nzito inayochefua, na hata mbuzi mwenye njaa kwa kawaida huupita. Ua ni jeupe au la zambarau iliyofifia, lina umbo la tarumbeta, na hufunguka jioni ili kuwaita nondo kwa manukato yake. Baada ya ua huja tunda la ukubwa wa yai dogo, limejaa miiba pande zote. Likikauka hupasuka vipande vinne, na ndani yake mna mamia ya mbegu bapa, nyeusi au kahawia iliyokolea, zenye umbo la figo na urefu wa milimita tatu hivi. Zikumbuke mbegu hizo, kwa sababu ndizo zitakazotupeleka hadi Karamoja.

Mranaha una ukoo mkubwa, na ukoo wenyewe umejaa jikoni. Nyanya ni jamaa yake. Pilipili, hoho na biringanya pia. Viazi vya Kibirichia vinavyopakiwa malori kwa malori kwenda Nairobi ni jamaa yake. Managu, mboga inayouzwa kwa fungu katika kila soko la Meru, ni jamaa yake. Tumbaku inayosagwa kuwa ugoro wa wazee imo katika ukoo huo. Mutongu, kile kichaka chenye miiba na matunda ya manjano ambacho pwani na Tanzania hujulikana kama mtunguja au ndulele, umo pia. Na hata ule mti wa bustanini wenye maua makubwa yanayoning'inia kichwa chini na kunukia usiku, unaopandwa kwa uzuri wake kwenye nyua za nyanda za juu za Kenya, ni binamu wa mranaha, na una kemikali zilezile. Spishi zote za mti huo, wenyeji wa Amerika ya Kusini, zimekwisha porini. Zimebaki tu mahali binadamu amezipanda.

Ukoo huu una chakula na sumu kwa pamoja kwa sababu mmea hauwezi kumkimbia anayeula. Kila mmoja umejitengenezea ulinzi wake. Kiazi kilichoachwa juani hadi kikawa kijani hujaza solanini, ambayo huchafua tumbo vibaya. Tumbaku ina nikotini, ambayo ni sumu kali kwa wadudu, na mtu anayechuma majani yake yakiwa na umande anaweza kutapika na kuishiwa nguvu kwa nikotini iliyopenya ngozini. Mranaha umechagua kemikali tatu zinazofanana: atropini, haiosiamini na skopolamini. Hizi hazilengi tumbo. Hulenga mawasiliano ya neva.

Mwilini mwetu kuna kemikali iitwayo asetilikolini. Neva huitoa ili kuuambia moyo upunguze mwendo, tezi zitoe mate na jasho, mboni ya jicho ijikunje, matumbo yasukume chakula, kibofu kikamue mkojo. Ndani ya ubongo hushiriki katika umakini na kumbukumbu. Aliyethibitisha kwamba neva huzungumza kwa kemikali ni Otto Loewi, mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura. Aliusisimua moyo mmoja kwa neva yake hadi ukapunguza mwendo, akachukua maji yaliyouzunguka na kuyamimina juu ya moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa neva yoyote. Alipoongeza atropini, athari hiyo ikatoweka. Yeye na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Asetilikolini ina vipokezi vya aina mbili. Aina moja hufunguliwa pia na nikotini. Aina ya pili huzibwa na atropini: ni kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli, haufungui, na ufunguo halali haupati pa kuingia. Nikiwaza juu ya hili huwa nastaajabu. Ugoro anaounusa mzee chini ya mti na kichaka cha mranaha kilichoota nyuma yake vinatoka katika ukoo mmoja wa mimea, na mimea yote miwili imegundua, kila mmoja kwa njia yake, jinsi ya kuingilia mjumbe mmoja wa mwili wa mnyama.

Sasa fikiria mtoto aliyemeza mbegu hizo. Mate yanakauka hadi hawezi kumeza. Mboni zinatanuka, mwanga unamuumiza na vitu vya karibu vinafifia. Moyo unakwenda mbio. Ngozi inakuwa nyekundu, kavu na moto, kwa sababu jasho limezuiwa na mwili umepoteza njia ya kujipoza, na kwa mtoto joto hilo peke yake linaweza kuua. Mkojo unagoma. Kisha anaanza kuweweseka. Anaongea na watu ambao hawapo chumbani, anachuma vitu hewani, anavuta nyuzi zisizoonekana kwenye nguo zake, anamwogopa mama yake.

Hapa ndipo mranaha unapotofautiana na vileo vingine. Mtafunaji wa miraa anakesha, anasema sana, pengine anakosa usingizi na hamu ya chakula, lakini anajua yuko wapi. Hata wanaokula uyoga wa kulevya mara nyingi wanajua kwamba rangi wanazoziona zimetoka kwenye uyoga. Aliyekula mranaha hajui. Maruweruwe yake kwake ni ukweli mtupu. Anamwona marehemu shangazi yake ameketi kitandani naye anamjibu, na kesho yake, kwa kuwa skopolamini huzuia ubongo kuhifadhi kumbukumbu mpya, hakumbuki kuwa alimjibu.

Mwaka 1676 askari wa Kiingereza waliopelekwa Jamestown, Virginia, kuzima uasi walichemsha majani machanga ya mmea huu wakidhani ni mboga. Robert Beverley, aliyeandika habari zao mwaka 1705, alieleza kwamba walikaa hali ya upumbavu kwa siku 11, ikabidi wafungiwe wasijidhuru, na walipopata akili hawakukumbuka lolote. Yeyote aliyewahi kupika managu ataelewa kosa lile lilivyokuwa rahisi.

Mahali ambapo akili inaweza kugeuzwa hivyo, ibada hazikosekani. Kisa cha Kiafrika kilichoandikwa vizuri zaidi kinatoka kusini, kwa Watsonga wa Msumbiji na Afrika Kusini. Thomas Johnston aliandika mwaka 1972 juu ya unyago wa wasichana ambamo wari walinyweshwa dawa ya jamii ya mranaha ili wasikie sauti za mizimu na kuona rangi walizokuwa wameambiwa watarajie. Kinywaji hicho hakikuwa cha kujichotea. Kilikuwa na mwenye kukipika, siku yake, ngoma yake, na mwanamke mzima wa kuwasimamia wari. Yale waliyoyaona yaliongozwa na wimbo na mafundisho kwa kiasi kilekile yalivyoongozwa na kemikali.

Wameru ni watu wa ibada, lakini nisingependa kuwabandika desturi isiyo yao. Mmea uliokaa katikati ya heshima ya Kimeru ni miraa. Kitita maalumu hupelekwa kwa wazazi wa msichana wakati wa posa, na miraa iliyopokelewa ni neno lililopokelewa. Miti mikongwe ya miraa katika Nyambene huitwa mbaine, na kila mmoja una historia ya ukoo uliourithi. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wakikaa kusuluhisha kesi ya shamba, kinachotakiwa ni akili timamu na ulimi usioteleza. Mmea unaomfanya mzee aongee na asiyekuwepo usingekuwa na kazi katika baraza hilo.

Mutongu una kazi yake. Katika nchi za Meru, Tharaka na Mbeere, kama kwingi Afrika Mashariki, wazee waliutumia kwa jino linalouma na kwa vidonda. Ukisikiliza maelezo ya waliofundishwa vizuri, utagundua kitu kimoja: dawa ilipakwa au iliwekwa kinywani na kutemwa. Haikumezwa ovyo. Huo ni ujuzi wa vipimo ulioshikwa na mikono badala ya mizani, nami nauheshimu. Kinachonitia wasiwasi ni ujuzi huo kukatika njiani, jina la mmea likabaki na sharti la matumizi likapotea.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi mranaha uliingia katika hadithi za wizi. Garcia de Orta, tabibu wa Kireno aliyeishi Goa, alichapisha kitabu mwaka 1563 ambamo alieleza jinsi wezi walivyotia mmea wa jamii hii katika chakula, mlaji akawa anacheka na kutoa kila alichoombwa. Leo Nairobi ina hofu yake ya "mchele", dawa ya kutia katika kinywaji cha mtu baa ili aibiwe. Dawa zinazotumika ni za namna nyingi, na nyingi ni za usingizi tu. Simu nazo zimejaa onyo la karatasi yenye unga inayopokonya akili ukiigusa kwa kidole. Sayansi haiungi mkono habari hiyo ya kugusa: skopolamini katika kiasi cha kumlevya mtu humezwa, huvutwa au hukaa juu ya ngozi kwa saa nyingi. Glasi uliyoiacha mezani ulipokwenda msalani ndiyo ya kuogopa.

Kuna kisa kimoja cha zamani ambacho mkulima yeyote wa kahawa Meru anapaswa kusimuliwa. Mwaka 1819, katika mji wa Jena, Ujerumani, kijana mwanakemia Friedlieb Runge alikuwa akichunguza beladona, jamaa wa Ulaya wa mranaha. Alikuwa amegundua kwamba tone la maji yake hutanua mboni ya jicho. Mshairi mkubwa Goethe alipoomba kuliona jambo hilo, Runge alipita mitaani amebeba paka aliyetiwa dawa hiyo, akamwonyesha jicho lilivyotanuka. Goethe alivutiwa, na kabla ya kuagana akampa kijana buni za kahawa, akamwambia azichunguze nazo. Haukupita muda mrefu Runge akapata kafeini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1930, serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kupanda kahawa kwa masharti makali, na zao hilo likabadilisha uchumi wa miteremko ya Mlima Kenya. Uchunguzi wa kafeini yenyewe ulianzia kwenye jicho la paka na mmea wa ukoo wa mranaha.

Atropini ilitengwa ikiwa safi miaka ya 1830 na wanakemia wa Ujerumani, na tangu hapo haijatoka hospitalini. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Daktari wa macho huitumia kutanua mboni. Mtoa nusukaputi huiweka karibu ili moyo ukizubaa auamshe. Skopolamini hutumika kuzuia kichefuchefu cha safari, na dawa ya Buscopan inayonunuliwa katika kila duka la dawa kwa msokoto wa tumbo imetengenezwa kutokana nayo, ikabadilishwa kidogo ili isiingie ubongoni kwa urahisi.

Lakini kazi ya atropini inayonigusa zaidi ni ile inayofanyika usiku katika hospitali za mashambani, mahali kama Maua, ambako hospitali ya Kimethodisti imekuwa ikihudumia watu wa Igembe tangu enzi ya ukoloni. Eneo la kilimo lina dawa za kunyunyizia. Baadhi ya dawa hizo, za kundi la oganofosfati, huua wadudu kwa kuzuia kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini baada ya kazi. Mjumbe aliyepaswa kuondoka hubaki na kurundikana. Mkulima aliyenyunyizia bila kujikinga, mtoto aliyekunywa kilichobaki kwenye chupa ya soda, mtu aliyekata tamaa ya maisha: wote huletwa na hali moja. Mboni zimekuwa ndogo mno. Mate, machozi na jasho vinatiririka. Moyo unakwenda polepole, na mapafu yanajaa majimaji hadi mgonjwa anazama katika kifua chake mwenyewe akiwa kitandani.

Hapo mhudumu anachukua atropini. Anaanza na miligramu moja hadi tatu kwenye mshipa, anasubiri dakika tano, anasikiliza kifua. Kama bado kinakoroma, anaongeza maradufu. Anasikiliza tena. Anaendelea hivyo mpaka mapafu yakauke na moyo urudi kwenye mwendo wake. Kuna wagonjwa wanaohitaji dozi ambazo zingemwehua au kumuua mtu mzima mwenye afya, na kwao dozi hizo ndizo zinazowarudishia pumzi. Muuguzi anaangalia dalili zilezile ambazo kwa aliyekula mranaha ni za hatari, mdomo ukauke, mapigo ya moyo yapande, lakini hapa anazingoja kwa hamu. Na mgonjwa akianza kuweweseka na joto kupanda, anajua amevuka mpaka, anapunguza.

Ufunguo wa upande wa pili, wa kutibu sumu ya atropini, ulitoka Afrika. Katika eneo la Calabar, Nigeria ya leo, Waefik walikuwa na maharagwe ya kiapo: mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa, akitapika hana hatia, akifa alikuwa nayo. Ni desturi iliyoua wengi na hakuna sababu ya kuililia. Maharagwe hayo yalifika Edinburgh, na mwaka 1863 daktari Douglas Argyll Robertson akaonyesha kwamba dawa yake huikunja mboni ya jicho, kinyume kabisa cha atropini. Mwaka uliofuata, Prague, Ludwig Kleinwächter aliitumia kuwatibu wafungwa waliokuwa wamekunywa atropini. Kemikali yake, fisostigmini, hufanya kazi kwa kuzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa za kunyunyizia. Kwa hiyo sumu ya dawa ya wadudu hutibiwa kwa kemikali iliyomo kwenye mranaha, na sumu ya mranaha inaweza kutibiwa kwa kemikali inayofanya kazi kama dawa ya wadudu. Nimeyaeleza haya mara nyingi kwa watu wanaodhani dawa na sumu ni vitu viwili, na kila mara nikifika hapa hunyamaza kidogo wafikirie.

Pumu nayo ina historia yake humu. Mapema miaka ya 1800 Waingereza walijifunza India kuvuta moshi wa mmea wa jamii ya mranaha ili kifua kifunguke, na sigara za pumu za mranaha ziliuzwa Ulaya hadi karne ya 20. Zilisaidia, kwa kuwa atropini hulegeza njia za hewa, na pia ziliwachanganya akili wengine. Ipratropiamu inayotumika hospitalini leo ni mjukuu wa moshi ule, kemikali iliyorekebishwa umbo ili ibaki kifuani. Zaidi ya miaka 150 ya kazi ilitumika kutenganisha msaada na wazimu, ndiyo maana nasikitika mtu anaposhauriwa arudi kuvuta majani.

Twende Karamoja sasa, kaskazini mashariki ya Uganda, mpakani na Turkana na Pokot. Machi 2019, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likigawa unga wa lishe wa mahindi na soya kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Watu wakaanza kuugua ghafla baada ya kunywa uji: kuchanganyikiwa, kuweweseka, mwili moto. Watu karibu 300 waliugua, watano wakafa. Ugawaji ulisitishwa, sampuli zikapelekwa maabara, na kilichopatikana kilikuwa atropini na skopolamini. Magugu ya jamii ya mranaha yaliyoota pamoja na zao shambani, mbali kabisa na Karamoja, yalivunwa nalo, yakasagwa nalo, yakafungwa katika mfuko ulioandikwa kuwa ni chakula cha kumjenga mtoto.

Hakuna mchawi aliyeroga kijiji. Ingekuwa rahisi kusema hivyo, kwa kuwa familia nzima kuona vitu ambavyo havipo baada ya kula chungu kimoja ndiyo picha ambayo watu wetu wamezoea kuipa jina la uchawi. Na Karamoja haiko peke yake. Mwaka 1991 jarida moja la magonjwa ya nchi za tropiki lilichapisha ripoti ya mlipuko wa sumu ya mranaha katika chakula, ulioshughulikiwa katika hospitali ya serikali ya Usangi, milima ya Upare, Tanzania. Mtindo haubadiliki: nafaka, mbegu ndogo nyeusi, kinu, uji. Umoja wa Ulaya, kwa vyakula vya nafaka vya watoto wachanga, uliweka mwaka 2016 kiwango cha juu cha mikrogramu 1 ya atropini na mikrogramu 1 ya skopolamini katika kila kilo, na kiwango hicho kinaeleza vizuri kuliko hotuba yoyote jinsi kiasi kidogo kinavyohesabika.

Watu wa Maua hula mahindi na maharagwe. Mama anayemwaga maharagwe kwenye ungo, akayapepeta na kuyachambua moja moja kabla ya kuyatia sufuriani, anafanya ukaguzi ambao mashine nyingi haziufanyi. Mbegu ya mranaha ni ndogo kuliko haragwe na huonekana. Hatari huanza nafaka zinapokuwa ndogo, mtama na mawele ya Tharaka, ambamo mbegu hiyo hujificha, na huongezeka nafaka inapokwenda kinuni bila kupita kwenye ungo. Mwenye mashine ya kusaga akimrudisha mteja akachambue upya, anamfanyia wema.

Kuna jambo jingine, na hili nawaambia vijana. Hakuna njia ya kujua mranaha mmoja una sumu kiasi gani. Kichaka kilichoota jaani na kilichoota kando ya barabara hatua kumi mbele vinaweza kutofautiana mara kadhaa. Mbegu hutofautiana na jani, jani changa na jani komavu, msimu wa mvua na wa kiangazi. Ampuli ya hospitali imeandikwa miligramu, kichaka hakijaandikwa. Kila anayejaribu anajaribu bila kipimo, na dalili huchelewa, kwa hiyo mtu humeza, akaona kimya, akaongeza.

Akiwa ameshakula, muda ni mali. Mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama bado anatembea, na uchukue tawi lenye tunda au mabaki ya chakula kwenye mfuko ili mhudumu ajue anapambana na nini. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Mvue nguo nzito, mpoze kwa maji, mweke mahali penye kivuli na pasipo kelele, na asiachwe peke yake hata kidogo, kwa sababu anaweza kutoka mbio akaingia barabarani akikimbia kitu ambacho wewe hukioni. Usimfunge kamba wala usimpige kwa kudhani amepagawa.

Na kwa mwenye shamba, au mwalimu ambaye mranaha umeota nyuma ya vyoo vya shule: ung'oe ungali na maua, kabla matunda hayajakauka. Vaa glavu, usijiguse macho, na usiuchome moto, kwa sababu moshi wake una kemikali zilezile. Matunda yaliyokwisha kukomaa yakate kwanza, yatie kwenye gunia, yafunge kabla hayajapasuka. Mwaka ujao mvua za Machi zikianza, rudi palepale na jembe. Mbegu za mranaha zilizofukiwa kwa majaribio huko Marekani zilichimbuliwa baada ya karibu miaka 40, na nyingi zikaota.